Mtoto aliyefiwa huenda kwa nani?

Mzazi akifariki huku kwetu Tabora, mara nyingi suala la watoto humalizwa msibani. Ukoo hukaa, na kabla watu hawajatawanyika mtoto ameshapewa bibi, shangazi au mama mdogo. Hakuna faili linalofunguliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua ndugu kati ya wanaoweza kukabidhiwa mtoto, lakini kwa kawaida afisa ustawi wa jamii huitwa pale ukoo uliposhindwa. Basi ukitafuta ndugu hao katika takwimu za malezi ya kambo, utadhani hawapo.

Kwingine Serikali hutangulia. New Zealand ilikuwa imewapeleka watoto wengi wa Kimaori kwenye taasisi na kwa wageni. Sheria ya 1989 ikarudisha uamuzi kwenye kikao cha familia. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979 kwamba ndugu aliyetimiza masharti asinyimwe posho anayopata mlezi asiye ndugu. Anaonekana kwa sababu analipwa.

Nasi tuna historia yetu. Katika karne ya 19, Wamisionari wa Afrika walilea Kipalapala watoto waliokombolewa utumwani kwenye njia ya misafara. Wale walikuwa wametenganishwa na koo zao. Makao yalihitajika kweli. Yatima wengi wa leo wana ndugu, ila sadaka zetu (tuseme ukweli) bado hupelekwa kwenye makao. Bibi mwenye wajukuu wanne hana kibao mlangoni, ingawa Jumuiya Ndogo Ndogo yake inamjua.