KIDOGO NI KIASI GANI?

Wasomaji wetu, yako maneno tuyatumiayo kila siku ambayo kila mtu hudhani ayajua, kumbe hayana kipimo. Nayo ni kama kidogo, chache, nyingi, kadhaa, karibu na mbali. Maneno haya si mabaya, lakini yafaa kujua yafanyavyo kazi, maana ugomvi mwingi huzaliwa nayo.

Kwanza tutazame umbali. Msafiri asimama Sakina, Arusha, auliza, "Shikamoo mzee. Je, Tengeru ni mbali?" Mzee aliyezoea kupanda gari hujibu, "Marahaba, mwanangu. Si mbali, ni hapo tu." Mama aliyejitwika mkungu wa ndizi husema, "Ni mbali sana." Wote wawili wamesema kweli. Barabara ya njia nne toka Sakina hata Tengeru ina urefu wa kilometa 14.1, nao haubadiliki. Basi neno "mbali" halipimi njia peke yake, bali lapima pia hali yake asemaye.

Pili, idadi. Mwalimu akisema, "Watoto wengi hawakuja leo," ni wangapi? Katika darasa la watoto 40, watoto 15 ni wengi. Katika mkutano wa watu 1,000, watu 15 ni wachache. Neno "kadhaa" nalo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kiasi fulani kisichotajwa. Kwa hiyo mtu akiahidi kulipa deni "baada ya siku kadhaa", mwenye kudai husikia siku 3, na mwenye kudaiwa husikia siku 30. Wakifika barazani, kila mmoja humwita mwenziwe mwongo, na hali hakuna aliyesema uongo.

Tatu, "kidogo" mara nyingi ni neno la adabu tu. Mgeni akiomba maji kidogo huletewa kikombe kizima, wala hakuna aliyekosea. Lakini neno hilo likiingia katika dawa lina hatari. Mganga akiagiza vidonge 2 mara 3 kwa siku, anayebaki na mgonjwa nyumbani asiambiwe, "Mpe dawa kidogo kidogo." Aambiwe hesabu ile ile.

Tena hesabu peke yake haitoshi, kama chombo hakijulikani. Mkulima huuza gunia moja la viazi, lakini mnunuzi hulijaza kupita mdomo wake na kulifunga kwa kamba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja, na mzigo ni zaidi ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza jambo hilo, na wanaoisimamia ni Wakala wa Vipimo. Hata hivyo mlinzi wa kwanza wa mkulima ni mizani.

Basi katika maamkizi na ukarimu, tusiache kusema "kidogo". Lakini penye fedha, dawa, ahadi au mpaka wa shamba, tuulize maswali mawili: Ngapi? Kwa kipimo gani? Tena tuyaandike majibu mbele ya mashahidi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Haba haina kipimo, lakini kibaba kinacho.