Nchelenge, Mji wa Ziwa Lenye Wenyewe

Mji wa Nchelenge, makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, uko kwenye ufuko wa kusini-mashariki wa Ziwa Mweru, na umeungana na mji jirani wa Kashikishi. Ziwa hilo, lenye urefu wa kilomita zipatazo 130, hupokea maji ya mito Luapula na Kalungwishi, kisha huyatoa upande wa kaskazini, huko Pweto, kwa Mto Luvua unaoingia Lualaba, hivyo kwamba maji yake huishia Bahari ya Atlantiki.

Wavuvi wa kale wa ziwa hili ni Washila, ambao katika karne ya 18 walitawaliwa na Walunda waliotoka magharibi chini ya mfalme wao, Mwata Kazembe. Masimulizi yanaeleza kwamba Nkuba, mkuu wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti, naye mama huyo akaomba msaada kwa Kazembe. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe nchi pamoja na maji yake. Simulizi hili lastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa ndilo hati ya umiliki: linahalalisha utawala wa Walunda, na papo hapo linakiri kwamba ziwa lilikuwa na wenyewe kabla yao.

David Livingstone alipofika Mweru mnamo Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kumtangulia, wakitafuta pembe za ndovu, shaba na watumwa. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyemiliki Kongo, waliafikiana mpaka uliogawa ziwa, Kisiwa cha Kilwa kikabaki upande wa Uingereza, ilhali mji wa Kilwa uko ng'ambo, Kongo.

Migodi ya Katanga na ya Zambia ilipohitaji chakula cha wafanyakazi, mpumbu, samaki aliyepanda Luapula kutaga mayai, alivuliwa kupita kiasi hadi akakaribia kutoweka katikati ya karne ya 20, hasara ambayo ziwa halijaifidia. Tangu miaka ya 1980 tegemeo kubwa limekuwa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Lakini agizo la nchi moja haliwezi kulinda ziwa la nchi mbili, na ulinzi wa kweli unadai makubaliano na Kongo.

Mpaka huo huvukwa pia na watu: tangu mwaka 2018 makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yamepokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, ambao hulima pamoja na wenyeji.