Mnyama Hai Kuwa Zawadi ya Mchezo: Sheria za Leo na Kauli za Mafaqihi

Katika viwanja vya maonyesho vya Uingereza ilikuwa ni desturi ya miaka mingi mtoto kutoa senti chache, akarusha mpira au pete, na akilenga sawasawa akakabidhiwa samaki mdogo wa rangi ya dhahabu ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji. Mtoto hurudi nyumbani akifurahi, lakini huko nyumbani pengine hakuna chombo cha kumwekea wala mtu ajuaye kumtunza.

Je, kiumbe chenye roho chafaa kuwa zawadi ya mchezo? Nchi kadhaa zimelitungia sheria jambo hili, na mafaqihi wetu waliweka misingi yake zamani. Tutayaangalia yote mawili kwa ufupi.

Sheria za nchi

Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama kwa ajili ya England na Wales. Kifungu chake cha 11 kinakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, na kinakataza vile vile kumpa nafasi ya kushindania mnyama. Wamevuliwa katika hukumu hiyo mtoto aliyefuatana na mtu mkubwa, yule ambaye mlezi wake ameridhia, na zawadi ya ndani ya familia. Scotland, katika sheria yake ya mwaka huo huo, ilikwenda mbali zaidi: mnyama hatolewi kuwa zawadi ya ushindi kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, isipokuwa ndani ya familia. Baraza la jiji la Rome lilikuwa limeshakataza jambo hili mwaka 2005. Huko California, Marekani, kifungu cha 599 cha sheria ya jinai kinakataza kutoa vifaranga, sungura au watoto wa bata kuwa zawadi ya mashindano au chambo cha kuvutia wateja.

Tukiitafuta sababu ya makatazo haya tutaiona ni moja. Anayenunua mnyama kwa kawaida amekwishafikiri atamweka wapi na atamlisha nini. Anayemshinda kwa bahati hakuwa amejiandaa, na mnyama ndiye anayelipa gharama ya kutojiandaa kwake.

Kamari ya ngamia

Mafaqihi huanza kwa kuuliza mshindi amempataje mnyama huyo. Na hapa historia ina somo, kwani kamari mashuhuri ya Waarabu wa zama za Jahiliya ilikuwa ya mnyama. Walikuwa wakimchukua ngamia, wakamchinja na kumgawa mafungu, kisha wakachanganya mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu haikuwa na kitu. Waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Mara nyingi washindi hawakula nyama hiyo bali waliwapa masikini, wakijifakharisha kwa ukarimu. Pamoja na hayo Qur'ani Tukufu iliiharamisha (Al-Maida, aya ya 90 na 91). Kumbe nia ya kuwasaidia masikini haikuihalalisha njia yenyewe.

Kwa hiyo mafaqihi wamesema kwamba kila mshiriki anapotoa mali, akawa baina ya kupata na kukosa, hiyo ni kamari. Tuyaangalie mashindano ya mpira ya mitaani kwetu, ambamo mshindi hupewa mbuzi au ng'ombe. Ikiwa mbuzi amenunuliwa kwa viingilio vya timu zinazoshindana, basi ni kamari. Akitolewa na mtu wa nje asiyeshindana, sura ya kamari imeondoka, ingawa wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu kuweka zawadi katika michezo isiyokuwa ya mishale, ngamia na farasi, iliyotajwa katika Hadithi ya Abu Huraira (r.a.).

Haki ya mnyama mwenyewe

Huenda msomaji akasema: kamari ikishaondoka, kimebaki nini? Imebaki haki ya mnyama. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimlenga kwa mishale, na kila mshale uliokosa ulikuwa ni wa mwenye ndege. Aliwakemea, akawajulisha kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Tuzingatie kwamba karipio lake lilikuwa juu ya mateso ya ndege, wala hakusimama kwenye mishale waliyokuwa wakitoana.

Wanavyuoni wamekubaliana kwamba kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenye kummiliki. Akikataa, kwa kauli ya Maliki, Shafi na Hanbali, kadhi humlazimisha amlishe, amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Abu Hanifa ameona kwamba huamrishwa baina yake na Mola wake, bila ya kulazimishwa na mahakama. Naye Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), ameandika katika Qawaidul Ahkam kuwa miongoni mwa haki za mnyama ni kulishwa hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena.

Basi anayempa mtu mnyama amempa mali pamoja na deni. Mtoto mdogo hawezi kubebeshwa deni hilo. Hata hiba yake hupokelewa na walii wake. Hatusemi kwamba mtoto asifuge. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini wanavyuoni walioitoa ruhusa katika Hadithi hiyo wameiwekea sharti kwamba ndege asiteswe.

Nasaha kwa waandaaji

Mwenye kuandaa mashindano asinunue zawadi kwa viingilio vya washindani. Mnyama asifungwe miguu juani tangu asubuhi hadi filimbi ya mwisho. Akabidhiwe mtu mzima aliyekwishaulizwa na akaridhia, mwenye mahali pa kumweka au aliye tayari kumchinja kwa taratibu za kisheria. Yasipowezekana hayo, jezi na mipira ni zawadi zisizokuwa na njaa wala kiu.

Wallahu a'lam.