Ni nani aliyeuchonga uso wa baba?

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Methali hiyo imekuwa ikinirudia akilini tangu ami yangu, mchongaji wa miaka mingi kutoka Wamunyu, Kaunti ya Machakos, aliponiuliza swali lililonikosesha usingizi. Alikuwa ameshika kibao cheupe, ukubwa wake kama kadi ya posta. Alipokiinua mbele ya taa akamwona ndani yake marehemu baba yangu, nduguye, akitabasamu. Alinyamaza kitambo. Kisha akanena, "Ni yeye. Lakini hebu niambie, mwanangu: ni nani aliyemchonga?"

Swali hilo, walimu wenzangu, si la ami yangu pekee. Ni letu pia, maadamu sisi ndio tunaowafunza vijana watakaoishi na mashine hizi kuliko tutakavyoishi nazo sisi.

Baba alichonga twiga na vifaru maisha yake yote. Ufundi huo uliletwa Ukambani na Mutisya Munge, aliyeupata kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi za baba zilinunuliwa na wageni zikavuka bahari, na nyumbani hakikusalia hata kinyago kimoja. Uso wake nao ulisalia katika picha moja tu ya studio, iliyoanza kufifia pembeni. Nilipopata mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, nikaiweka juu ya meza ya chumba cha nyuma, sikuwaza kuchonga kitu kingine.

Kibao nilichokusudia huitwa litofani. Si jambo jipya. Mwaka wa 1827, Baron Paul de Bourgoing wa Ufaransa alipata hataza ya kutengeneza picha za kauri ambazo, zikilazwa mezani, huonekana kama vilima na mabonde yasiyo na maana, lakini zikiwekwa mbele ya mwanga hugeuka kuwa sura za watu na mandhari. Mafundi wa zama hizo walichonga kwanza katika nta iliyotandazwa juu ya kioo, mwanga ukipenya kutoka nyuma, kisha wakatoa kalibu ya plasta. Siri yenyewe ni nyepesi: palipo pembamba mwanga hupita kwa wingi, palipo panene huzuiwa. Rangi haitumiki hata chembe. Unene ndio rangi.

Leo kompyuta huipokea picha, ikaipima kila nukta weusi wake, ikaugeuza weusi huo kuwa kina. Mashine nayo hufuata nambari hizo kwa mihimili mitatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Wazo la kuiongoza mashine kwa nambari lilidhihirishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka wa 1952, nambari zikiwa zimetobolewa kwenye ukanda wa karatasi.

Nilidhani basi kwamba kazi yangu ni kubonyeza na kungoja. Laiti ingekuwa hivyo! Kibao cha kwanza kilimtoa baba akiwa na meno meusi na nywele nyeupe, kwa kuwa nilisahau kuigeuza picha ili weusi uwe unene. Kibao cha pili kilimtoa akiwa gizani, kana kwamba amesimama nje usiku wa masika. Hapo nilikaa chini na daftari, na fizikia niliyofundisha miaka mingi ikanifundisha mimi. Iwapo milimita moja ya plastiki hupitisha nusu ya mwanga, milimita mbili hazizuii wote; hupitisha robo, na milimita tatu hupitisha thumuni. Mwanga haupungui kwa kutoa bali kwa kugawanya. Mimi nilikuwa nimeupanga unene kwa hatua zilizo sawa, ndiyo sababu mashavu yote yalimezwa na kivuli. Logi, zile ambazo wanafunzi wangu huniuliza zina faida gani, ndizo zilizomtoa baba gizani.

Kibao cha tatu ndicho alichokishika ami. Baada ya swali lake alikizima mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya shavu la nduguye, taratibu, kama apimavyo mti kabla ya kuupiga msasa. "Hapa kisu chako kinaruka," akasema. Sikuona kitu. Nilipowasha taa tena, nikaiona mistari myembamba ikikata shavu. Ncha ya mashine, iliyo na kipenyo cha milimita 1.5, ilikuwa ikisogea nusu milimita kati ya mstari na mstari, ikiacha matuta. Nikaipunguza hatua hadi milimita 0.2. Mistari 200 ikawa 500. Kwa urefu wa sentimita 15 kila mmoja, safari ya mita 30 ikawa ya mita 75. Kwa mwendo wa sentimita 50 kwa dakika, saa moja ikawa saa mbili na nusu. Shavu likalainika.

Sasa nalijibu swali. Mashine haikumchonga baba. Haikujua kwamba meno hayafai kuwa meusi, wala haikuhisi matuta. Lakini hata mimi sikumchonga peke yangu. Kidole gumba cha mzee asiyewahi kugusa kompyuta kiliona kilichonipita mimi na mashine yangu, kwa sababu kilifunzwa na mti kwa miaka mingi.

Ndipo ninapowasihi walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 ulikuja na useremala na kazi za mikono, kisha masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia 2019, umezirudishia kazi za mikono heshima katika maandishi. Tusije tukadhani kwamba kumketisha mtoto mbele ya kompyuta kunatosha. Mpeni patasi kwanza, aharibu vipande vya mti, apate kujua ulaini ni nini. Kisha mpeni hesabu, na mashine iwe ya mwisho. Na mchongaji aliye jirani na shule yenu mwiteni darasani angali hai.

Ami aliondoka na kibao cha nne. Nilimwomba aandike jina lake nyuma, chini ya langu. Alikataa kalamu, akaitisha kisu.