KUSOMA QUR'AN KWA SIMU YA VIDEO: NINI KINAFIKA NA NINI KINAPOTEA



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyemfundisha mwanaadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwezi Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na madrasa nyingi nazo zikafunga milango. Watoto waliokuwa katikati ya Juzuu Amma wakabaki majumbani, na walimu tukabaki na simu zetu mikononi. Tangu hapo darasa la simu limezoeleka, na kila mwaka wazazi wanatuletea maswali mawili yanayopingana. Wengine wanauliza: je, Qur'an inasomeka kweli kwa simu, au tunajidanganya? Wengine wanasema: ikiwa mtoto anasoma vizuri mbele ya kioo, kwa nini tena avuke barabara kuja madrasa? Baadhi ya hao wa pili wameshawaachisha watoto wao. Tumeona bora tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa sababu mtoto aliyehifadhi sura kwa makosa hupata tabu kubwa kuyaondoa kuliko yule asiyehifadhi kabisa.

Tuanze na asili yake. Qur'an haikuanza kusomwa kwa kutazama maandishi. Jibril (A.S.) alimsomea Mtume (S.A.W.), naye akaipokea kwa kusikia. Kila Ramadhani walikuwa wakidurusu pamoja, na katika mwaka wake wa mwisho wakadurusu mara mbili. Na Sayyidna Uthman (R.A.) alipopeleka misahafu katika miji mikubwa, imepokewa kwamba alipeleka na wasomaji pamoja nayo. Utaratibu huu huitwa talaqqi, yaani mwanafunzi kupokea kisomo kutoka mdomoni mwa mwalimu, kisha na yeye amsomee mwalimu ili asahihishwe. Una safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mwenye kusikiliza tu, ameifanya nusu.

Kwa sababu hiyo kaseti haikuweza kuondoa maalim. Mwaka 1961 nchini Misri ilitolewa Qur'an nzima iliyorekodiwa kwa kisomo cha murattal, kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary. Hiyo ilikuwa ya kwanza kukamilika, na moja ya makusudio yake ilikuwa watu wapate kisomo sahihi cha kuigia. Ni kazi kubwa, na mpaka leo tunawashauri wanafunzi waisikilize. Lakini mtoto akikosea mbele ya kaseti, Sheikh Husary anaendelea na aya inayofuata. Hamsikii.

Simu ya kawaida, ya kupiga na kuongea, inasikia. Wazee wengi wenye jamaa Muscat, London au Toronto wamewahi kuwasikiliza wajukuu wao Al-Fatiha kwa simu. Tatizo lake ni jingine, nalo ni la kielimu na linafaa wanafunzi walifahamu. Sauti ni mitetemo ya hewa. Sauti nzito ina mitetemo michache kwa sekunde, na sauti nyembamba ina mitetemo mingi. Sikio zima la kijana linaweza kusikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mfumo wa zamani wa simu ulijengwa kupitisha ile iliyo baina ya 300 na 3,400 tu, kwa kuwa hiyo inatosha watu kufahamiana katika mazungumzo. Sasa angalia herufi zetu. Mlio wa siin, ule wa kama nyoka, nguvu yake kubwa ipo juu ya mitetemo 4,000. Basi simu ya namna hiyo inaukata. Siin, thaa na faa zikipita humo hufanana, na maalim hubaki akikisia.

Mtu atasema hilo ni dogo. Tufungue Surat al-Hujurat. Katika aya ya 11 limo neno ism, lenye maana ya jina, na katika aya ya 12, hapo hapo chini yake, limo neno ithm, lenye maana ya dhambi. Tofauti yake ni siin na thaa tu. Mtoto akizibadilisha, na maalim kwenye simu asisikie, ameshageuza maana, nayo ni lahn jaliyy, kosa la wazi ambalo haifai kulinyamazia. Atalihifadhi hivyo hivyo na kulisalia.

Simu ya video kupitia intaneti ni bora zaidi hapa. Programu kama WhatsApp na Zoom huweza kupitisha sauti pana zaidi kuliko simu hiyo ya zamani, hivyo siin hufika ikiwa siin na thaa ikiwa thaa, maadamu mtandao una nguvu. Mtandao ukidhoofika, programu hupunguza ubora ili mazungumzo yasikatike, na herufi hizo ndizo zinazopotea mwanzo. Ukiona picha ya maalim imeganda au inatokea vipande vipande, jua na sauti yako kwake haifiki vizuri. Usiendelee kusoma. Subiri.

Lipo na jambo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui. Programu hizi zimefundishwa kuondoa kelele. Sauti inayoendelea bila kubadilika, kama feni au jenereta, huihesabu ni kelele na kuifuta. Msomaji anapovuta madda ya harakati sita, au anaposhikilia ghunna ya nuni yenye shadda, naye anatoa sauti moja isiyobadilika, na programu huweza kuipunguza katikati. Maalim akasikia madda fupi, akamrudisha mtoto mara tatu, na mtoto akalia, kumbe alisoma sawa. Katika Zoom upo mpangilio wa kuacha sauti ipite kama ilivyo, uliowekwa kwa ajili ya wapiga muziki. Unawafaa wasomaji wa Qur'an vile vile, nasi tunautumia. Lakini ukiuwasha, feni nayo itasikika, basi izimwe.

Faida ambayo kaseti, redio na simu ya sauti hazikuwa nayo ni kuonekana kwa mdomo. Mfano wake mzuri upo katika Surat Yusuf, aya ya 11, kwenye neno ta'mannaa. Katika riwaya ya Hafs, moja ya njia za kulisoma ni kwa ishmam, yaani kuikusanya midomo kama anayetaka kutamka dhumma, bila sauti yoyote ya dhumma kutoka. Wanazuoni wa tajwidi wanasema ishmam huonekana kwa macho na haisikiki kwa masikio. Kwa hiyo kaseti elfu haziwezi kumfundisha mtu ishmam. Video inaweza, kwa sharti mtoto akae mahali penye mwanga unaotoka mbele yake. Wengi hukaa na dirisha nyuma, na maalim huona kivuli cheusi kinachosoma.

Simu isishikwe mkononi. Iegemezwe juu ya kitu kigumu, kiasi cha urefu wa mkono kutoka usoni. Spika za masikioni, hata za bei ndogo, husaidia sana kwa sababu sauti ya maalim hairudi tena kwenye maikrofoni. Televisheni izimwe, si kupunguzwa sauti. Na kwa wale wa hifdhi, msahafu ufungwe na uwekwe juu ya marfaa panapoonekana kwenye picha. Tunawapenda wanafunzi wetu na tunawajua. Macho yanayosafiri kutoka kulia kwenda kushoto hayahifadhi, yanasoma.

Tuje kwenye muda. Katika darasa la watoto 40 na maalim mmoja, kwa saa mbili, kila mtoto akisikilizwa peke yake anapata dakika tatu. Zoom isiyolipiwa hukata mkutano baada ya dakika 40. Tukiwaweka watoto kumi, kila mmoja ana dakika nne, na hapo bado salamu na wale wanaochelewa kuingia. Sisi huweka watoto watano, basi kila mmoja akapata karibu dakika nane. Kwa upande huu, video imewapa baadhi ya watoto usikilizwaji mrefu kuliko waliouzoea, na ni haki kulisema hilo.

Ila kusoma kwa pamoja hakuwezekani. Wataalamu wa mawasiliano wanapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, yaani chini ya moja ya sita ya sekunde. Kwa mitandao yetu mara nyingi huchelewa zaidi. Watoto watano wakianza pamoja, kila mmoja anamsikia mwenziwe yuko nyuma, naye anapunguza mwendo kumngoja, mpaka kisomo kinakuwa fujo. Tena programu huchagua sauti iliyo kubwa na kuzishusha nyingine. Mtoto mwenye haya, ambaye darasani hubebwa na sauti za wenziwe mpaka ulimi wake unazoea, kwenye simu hana wa kumbeba. Hawa ndio tulioona wakirudi nyuma.

Na yapo mafunzo ambayo video hayafikii kabisa. Maalim hawezi kuona kisigino kikavu cha mtoto anayetawadha. Hawezi kuisawazisha safu, wala kumrekebisha mgongo katika rukuu. Watoto wadogo wanaoanza alifu, wanaohitaji kushikwa kidole juu ya herufi, tumewatoa katika darasa la simu moja kwa moja, na tunaomba wazazi wasitushawishi katika hilo.

Kuna familia nyingi zenye simu moja ya kisasa, nayo anakwenda nayo baba kazini. Kwa hao tumeweka zamu baada ya Isha. Kuhusu bando, saa moja ya picha huweza kula nusu gigabaiti au zaidi ya gigabaiti nzima, na sauti peke yake haifiki megabaiti 100. Kwa hiyo katika kundi, anayesoma ndiye afungue kamera, na wengine wabaki na sauti. Asiyeweza hata hilo, arekodi kisomo chake kwa WhatsApp atutumie, nasi tunamrudishia masahihisho kwa sauti. Mzazi mmoja alitulalamikia kwamba mwanawe hurekodi mara kumi na kutuma ile iliyo nzuri peke yake. Tulimjibu kwamba basi amesoma mara kumi.

Sasa kuhusu usalama, na hapa tunasema na baba na mama. Mwaka 2020, sehemu mbalimbali za dunia, watu wasioalikwa walivamia mikutano na madarasa ya mtandaoni na kuonyesha machafu mbele ya watoto. Kiungo cha darasa letu kina neno la siri, na anayeingia husubiri mpaka maalim amfungulie. Kisipelekwe kwa mtu mwingine, hata kwa nia njema. Jina linaloonekana liwe la mtoto na la baba yake, maana "Samsung" hatumfungulii. Mtoto asome sebuleni au penye mlango wazi, na mtu mzima awe karibu. Maalim hana sababu ya kumpigia mtoto video faragha usiku, na akitokea wa kufanya hivyo, awe wetu au wa kwingine, mzazi alete habari ofisini siku ile ile. Picha za darasa zisirushwe kwenye makundi. Na anayetafuta maalim wa mtandaoni kwa malipo, amuulize kwanza alisoma kwa nani, tena amsikilize mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtoto.

Kwa haya yote, madrasa imeamua kwamba darasa la video libaki kwa mambo matatu: kusikiliza hifdhi siku ambazo hatukutani, mtoto mgonjwa au aliyesafiri, na wanafunzi wakubwa wa tajwidi kumsomea mwalimu aliye mji mwingine. Hao wa mwisho hukaa darasani pamoja mbele ya projekta, na maikrofoni hupitishwa mkono kwa mkono, na maalim wao wa hapa yupo pembeni. Siku nyingine zote, mlango ni ule ule wa siku zote.

Limebaki swali ambalo wanafunzi wa Juzuu Amma hutuuliza kila tunapofika Surat al-'Alaq: je, kwenye simu tunasujudu? Sajda ya kisomo katika madhehebu ya Imam Shafi ni sunna kwa msomaji na kwa msikilizaji. Anayesoma, awe mbele ya simu au pasipo simu, amesoma aya, na sunna yake ipo pale pale akiwa na udhu. Kuhusu anayesikia kwa mbali wanazuoni wa zama hizi wametofautiana, nasi hatuwalazimishi wanaosikiliza. Kwa hiyo msomaji aweke simu chini, aelekee kibla, ambako huenda siko kamera iliko, asujudu, na wengine watulie wala wasimcheke akitoweka kwenye picha. Simu asiikate. Akiinuka anaendelea na zamu yake, na dakika hiyo hatumhesabii.