Kichocheo Kinachosafisha Moshi wa Gari

Petroli inapoungua ndani ya injini, huungana na oksijeni iliyomo hewani. Kama ingeungua yote sawasawa, tungepata mvuke wa maji na gesi ya kaboni dioksidi tu. Lakini ndani ya injini petroli huungua kwa muda mfupi mno, na sehemu yake haimalizi kuungua. Kwa hiyo, katika moshi wa gari hutoka pia gesi iitwayo kaboni monoksidi.

Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo ni sumu kali. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Ndiyo gesi iwauayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Kaboni monoksidi ikiongezewa oksijeni, hugeuka kuwa kaboni dioksidi, na sumu ile hutoweka. Hata hivyo, ili gesi hii ishike moto hewani huhitaji joto la nyuzi 600 hivi za Sentigredi. Mara nyingi moshi uliomo katika bomba la gari hauna joto kiasi hicho. Je, twaweza kufanya nini?

Jaribio

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu. Vitu vinavyohitajiwa ni koleo, kiberiti, sahani ya bati, jivu kidogo, na vipande viwili vya sukari ngumu, ile itiwayo kipande kipande katika chai.

1. Shika kipande cha kwanza kwa koleo juu ya sahani, kisha jaribu kukiwasha kwa kiberiti. Utaona kwamba sukari inayeyuka na kuwa nyeusi, lakini haiendelei kuwaka.

2. Paka jivu kwenye kipande cha pili, ukiwashe mahali palipopakwa. Hiki kitashika moto na kuwaka.

Jivu limekwisha kuungua zamani, wala haliwezi kuwaka tena. Limeisaidia sukari tu. Kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika huitwa kichocheo.

Platinamu na moshi

Mwaka 1817 mwanasayansi Mwingereza, Humphry Davy, aligundua jambo la ajabu. Waya wa platinamu uliopashwa moto uliendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa, ijapokuwa hapakuwa na mwali. Gesi ilikuwa ikiungana na oksijeni juu ya uso wa metali hiyo.

Katika miaka ya 1950, Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alitengeneza kifaa cha kusafisha moshi wa injini kwa njia hiyo. Vifaa vya namna hii hufungwa katika bomba la moshi. Ndani ya vingi vyao mna kauri yenye matundu madogo mengi, mfano wa sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa punje ndogo sana za platinamu na metali nyingine za jamii yake. Chembe za kaboni monoksidi na za oksijeni hunata juu ya punje hizo, huungana, kisha huondoka zikiwa kaboni dioksidi. Nafasi yao huchukuliwa na chembe nyingine. Kadiri uso wa metali unavyokuwa mpana, ndivyo kazi inavyofanyika kwa wingi.

Adui wa kichocheo

Zamani petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilifunika uso wa platinamu, na kichocheo kikaacha kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, vifaa hivi havikuenea mpaka mwaka 1975, vilipofungwa katika magari mengi mapya ya Marekani yaliyotumia petroli isiyo na risasi. Risasi yenyewe hudhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2001, katika mkutano wa Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Kumbuka kwamba kichocheo hiki hakifanyi kazi vizuri mpaka kipate joto la nyuzi 250 hivi au zaidi. Gari linapowashwa likiwa baridi, hutoa sumu kama lisilo na kifaa. Kwa hiyo, usikae kamwe ndani ya banda lililofungwa ambamo injini inanguruma. Tena, gari lililong'olewa kifaa hiki laweza kwenda vizuri tu. Dereva haoni tofauti, lakini wapitao njiani huivuta sumu hiyo.

Maswali

1. Kichocheo ni nini?
2. Kwa nini platinamu hupakwa katika matundu mengi madogo, wala haiwekwi kama bonge moja?
3. Risasi iliharibuje kazi ya kichocheo?
4. Eleza kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.