Kaburini kwa Iolaus

Kila mabishano kuhusu mapenzi ya jinsia moja yanapopamba moto, Wagiriki wa kale hufufuliwa watoe ushahidi. Huyu huwaita waasisi wa ufuska, yule huwaita watangulizi wa uhuru wa leo, na wote wawili hawajauliza watu hao waliishi vipi. Sisi ambao mila zetu ziliandikwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni tunaujua uchungu wa kusimuliwa na mtu asiyeuliza. Ndiyo maana nawasemea Wathebe.

Thebes ulikuwa mji mkubwa wa Boeotia, nchi ya wakulima, kaskazini ya Athens. Waathene waliwadharau majirani hao hata wakawaita nguruwe. Katika Karamu, kitabu cha mwanafalsafa Plato, msemaji mmoja anadai kwamba watu wa Boeotia waliyakubali mapenzi ya wanaume kwa sababu hawakujua kusema, basi wakajiepushia taabu ya kubembeleza. Hayo ni maneno ya jirani mwenye kiburi. Wathebe walikuwa na utaratibu wao, na ulikuwa mzito.

Plutarch, mwenyeji wa Boeotia aliyeandika karne nyingi baadaye, anaeleza kwamba watunga sheria wa Thebes walitaka kulainisha ukali wa vijana wao. Wakaipa zumari heshima katika kazi na katika michezo, na mapenzi haya wakayapa nafasi ya wazi katika viwanja vya mieleka. Mlinzi wa mji wakamfanya Harmonia, binti wa mungu wa vita na mungu wa kike wa mapenzi.

Kijana alipoandikishwa miongoni mwa wanaume, mpenzi wake ndiye aliyempa silaha kamili: kofia ya shaba, dirii, ngao, mkuki. Fikiri gharama yake. Silaha kamili haikuwa kitu cha kila mtu, na haikutolewa kwa siri. Ilivaliwa mbele ya mji mzima, na aliyeitoa alijua kwamba vita vikija atasimama ubavuni mwa aliyemvisha. Kisha kulikuwa na kiapo. Wawili walikwenda kwenye kaburi la Iolaus, swahiba wa shujaa Herakles na mwendeshaji wa gari lake la vita, wakaahidiana uaminifu hapo. Mwanafalsafa Aristotle, kama Plutarch anavyomnukuu, alisema desturi hiyo ilikuwa hai hata katika zama zake. Napenda sana kwamba walichagua kaburi. Ahadi iliyotolewa mbele ya marehemu haina wa kuifuta.

Kutoka katika desturi hiyo, kwenye mwaka 378 KK hivi, Gorgidas aliunda Kikosi Kitakatifu: wanaume 300 waliolishwa na mji na kukaa katika ngome yake, na husimuliwa kwamba walikuwa jozi za wapenzi. Plutarch mwenyewe analitaja jambo la jozi kama habari ya baadhi ya watu, na wapo wanahistoria wanaolitilia shaka. Wasichobisha ni kwamba mwaka 371 KK, katika vita vya Leuctra, kikosi hicho kilikuwa mbele Thebes ulipowavunja Wasparta.

Sasa anayeshangilia naye asikilize. Katika mapenzi hayo mmoja alikuwa mkubwa na mwingine kijana, na kutolingana huko sikutetei hata kidogo. Wala Wathebe hawakuwagawa binadamu kwa aina, huyu wa namna hii na yule wa namna ile. Mwanaume alitarajiwa kuoa na kuacha watoto. Epaminondas, jemadari wao mkuu, alilaumiwa kwa kutoacha hata mmoja. Sauti za wanawake wao hazikuandikwa.

Mwaka 338 KK, katika vita vya Chaeronea, jeshi la Philip wa Makedonia lilikimaliza kikosi hicho. Husemwa kwamba Philip aliwaona wamelala pamoja pale walipoangukia, akalia, akamlaani yeyote atakayewadhania aibu. Mwaka 1818 msafiri Mwingereza alivikuta vipande vya simba mkubwa wa mawe mahali hapo. Wachimbaji walipofukua mwaka 1879 na 1880, walikuta mifupa ya watu 254, imelazwa kwa safu 7.

Miaka 3 baada ya vita hivyo, Alexander mwana wa Philip aliubomoa Thebes na kuwauza watu wake utumwani, watu 30,000 kwa hesabu ya waandishi wa kale. Viwanja na nyumba vikawa vifusi.

Basi msomaji, ukiwasikia wanatajwa tena, kwa kulaaniwa au kwa kusifiwa, muulize msemaji kama anajua nani alimvika kijana dirii, na kiapo kilitolewa wapi. Asipojua, usimwachie awasemee.